Vidonge Kwanza, Maneno Baadaye

Mume wangu hutengeneza feni, pasi, redio na chochote kingine chenye waya ambacho watu wanakileta wakiwa wameshakikatia tamaa. Karakana yake ni chumba chetu cha mbele. Dirisha linalotazama mtaani ndilo kaunta, meza ya kazi imesogezwa chini yake ili apate mwanga, na mlango ulio nyuma ya kiti chake unaingia moja kwa moja kwenye chumba tunacholala yeye, mimi na Bosi.

Bosi ni binti yetu. Ana jina lake la kwenye cheti, lakini tangu siku ya tatu, tulipoona anavyolala mchana, anavyoamrisha kwa kelele na asivyotaka kuelezwa kitu, jina hilo halikupata nafasi. Wateja nao wakalidaka. Mume wangu akawa Baba Bosi, mimi nikawa Mama Bosi.

Baba Bosi ana kanuni moja ya kazi. Badilisha kitu kimoja, washa, tazama. Feni isipozunguka, huenda kapasita imekufa, huenda bushi zimekauka, huenda waya umekatika ndani ya plagi. Fundi mwenye papara hubadilisha vyote kwa mkupuo, feni inazunguka, anashangiliwa, na hajui alichotengeneza. Ikirudi baada ya mwezi anaanza upya kama hajawahi kuiona. "Huyo si fundi," husema mume wangu. "Huyo ana bahati tu."

Naieleza kanuni hii mapema kwa sababu ndiyo iliyotuponza, na kwa sababu sikuipinga. Niliipenda. Kwa kweli nilimpenda mtu huyu kwa mambo kama hayo.

Bosi alipoingia mwezi wa pili, feni zilianza kujipanga sakafuni. Baba Bosi alikaa mezani ameshika bisibisi, na ukirudi baada ya saa nzima bisibisi iko palepale. Hakuwa mkali. Ukimwita, anaitika. Chakula alikigusa kwa heshima, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine. Na hakumbeba mtoto. Nikimpa Bosi, mikono yake ilipata shughuli ghafla. "Nina grisi." "Ngoja kwanza ninawe." "Amelala, usimsumbue," na mtoto mwenyewe anamkodolea macho.

Mama wa saluni ya jirani alikuja dirishani kuulizia kikaushio chake cha nywele.

"Baba Bosi, kina wiki tatu hapo. Wateja wangu wanatoka na vichwa vibichi, mmoja kapata mafua ananilaumu mimi. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kama huumwi una kiburi, na kiburi sikukujua nacho."

Alicheka peke yake. Kisha akanitazama juu ya bega la mume wangu, akaacha kucheka. "Mpeleke hospitali," aliniambia kwa midomo tu, bila kutoa sauti.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka apone upesi. Mimi nakata vitambaa kwenye kiwanda cha sare za shule, na likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha Bosi akitimiza miezi mitano. Tangu nikiwa mjamzito tulikubaliana kwamba, kwa kuwa yeye anafanyia kazi nyumbani, atakaa na mtoto nami nirudi kwenye meza yangu. Mama mkwe yuko karibu, lakini magoti yake hayamruhusu kuinama akainuka na mtoto. Kwa hiyo ilikuwa Baba Bosi au hakuna. Na kila nikihesabu wiki swali lilikuwa hilohilo: nitafungaje mlango nimwache Bosi na mtu ambaye mikono yake inamkimbia?

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, anaandika kwa mkono wa kushoto na hana haraka. Alimuuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi. Alimuuliza kama huwaza kujidhuru. Mume wangu alisema hapana, ila wakati mwingine huona kama nyumba ingekuwa nyepesi bila yeye. Nilishika mguu wa kiti nilichokalia, sikuuachia.

"Hii inaitwa sonona," daktari alisema. "Ni ugonjwa, na unatibika. Tuna njia mbili hapa. Kuna vidonge, unakunywa kila asubuhi, na vinahitaji wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Halafu kuna maongezi na mnasihi wetu, kila Alhamisi. Kuna wanaopata nafuu kwa njia moja tu. Kwa jinsi ulivyo wewe, ningependa uanze zote mbili. Na vidonge usiviache bila kuniona."

"Sawa, daktari," alisema Baba Bosi, kwa ile sauti tunayoitumia wote hospitalini, yenye maana kwamba tutazungumza nyumbani.

Nyumbani akawa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa wiki nyingi.

"Nikinywa na kuongea kwa pamoja, halafu nikapona, nitajuaje kilichonitengeneza?"

"Ukishapona, kujua kuna kazi gani?"

"Ikirudi je?"

Na yeye alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kitambo, nami sikutaka kulipoteza. Nikachukua daftari la mistari na rula yangu ya kazi, nikamchorea safu: tarehe, usingizi, chakula, kazi, Bosi.

"Hii ya Bosi ya nini?"

"Ya siku utakazombeba."

"Sawa," akasema.

Vidonge vilitangulia, kwa sababu kidonge ni kitu unachokiona, kama kipuri. Maongezi aliyafanyia mzaha. "Nikae na mwanamume mwenzangu tutazamane?" Alhamisi ya kwanza alimpigia simu mnasihi akamwambia ana kazi nyingi. Feni kumi na moja sakafuni ndizo zilizokuwa mashahidi.

Mama mkwe hakuunga mkono upande wowote.

"Hizo dawa zitamfanya zezeta mwanangu. Na huko kwenye maongezi atamsema nani? Mimi."

"Mama, si lazima asemwe mama."

"Wewe mkwe wangu bado mdogo. Siku zote husemwa mama."

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za kichefuchefu na mdomo mkavu. "Kama nimelamba chaki," alisema. Safu zote zilijaa vistari vifupi vya hapana. Wiki ya tatu alilala usiku mmoja mpaka asubuhi, nikawa naamka mimi kusikiliza kama anapumua. Wiki ya tano alimaliza sahani. Wiki ya sita nilikuwa naanika nguo uani nikasikia mluzi, nikasimama na shati bichi mkononi mpaka likanilowesha tumbo. Kikaushio cha saluni kikaondoka, pasi tatu zikaondoka. Safu ya mwisho peke yake ndiyo iliyobaki na vistari kutoka juu mpaka chini.

Jumapili hiyo alifungua daftari mezani, akalisoma kama anavyosoma mita.

"Vidonge vimefanya kazi hapa. Hapa pia. Na hapa. Hapa hapana." Kidole kilikuwa juu ya safu ya Bosi. "Kwa hiyo hitilafu ya hapa si ya vidonge. Tunazima hiki, tunawasha kile."

"Daktari alisema usiache bila kumwona."

"Nitamwona. Nikimaliza kupima."

Ningeweza kukataa. Nilifungua ukurasa mpya, nikauchorea mistari.

Alhamisi alirudi kutoka kwa mnasihi akiwa na uso wa mtu aliyepotea njia akafika mahali pazuri.

"Kakuuliza nini?"

"Kitu cha kwanza kukitengeneza nilikuwa na miaka mingapi. Tumeongelea redio ya babu nusu saa nzima."

"Halafu?"

"Halafu nimelia. Kidogo. Usiandike."

"Hakuna safu ya kulia," nikamwambia, na alicheka, kicheko chake halisi, cha puani. Nikaamini tumepatia. Nilijihesabia wiki zilizobaki nikaona zinatosha.

Hazikutosha. Hata kabla ya Alhamisi ya pili alianza kushika ukuta akigeuka. "Kuna kitu kichwani," alisema, "kama waya uliolegea, unagusa, unaachia." Alikwenda kwa mnasihi hivyohivyo, na hakumwambia kwamba ameacha dawa, maana kumwambia kungeharibu kipimo. Usingizi ukapotea, na mluzi nao ukapotea. Alhamisi ya tatu hakwenda kabisa. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na mbili za likizo.

Siku ya pili yake, mchana, nilikuwa uani nafua nepi. Bosi akaanza kulia. Nikasema moyoni, baba yake yupo, atamtingishia godoro. Kilio kikaendelea, kikapanda, kikawa kile cha kukatika pumzi. Nikaingia na povu mpaka kwenye viwiko. Bosi alikuwa katikati ya godoro, salama, mwekundu kwa hasira. Baba yake alikuwa amekaa sakafuni, umbali wa mkono mmoja tu, ameegemea ukuta. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili.

"Nilimsikia," alisema. "Muda wote nilikuwa namsikia."

Nikamnyanyua Bosi, nikamlaza begani mpaka akatulia. Kisha nikachukua daftari. Hatukubishana. Tulifunga dirisha la kaunta tukaenda kliniki, yeye mbele, mimi na mtoto nyuma, kama watu wanaokwenda kupima kikohozi.

Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Nilingoja kukaripiwa.

"Nani kachora mistari?"

"Mimi."

"Imenyooka."

"Nakata vitambaa, daktari."

Alitikisa kichwa kukubali, akalifunga. "Limeandikwa vizuri kuliko mafaili yetu. Ila mimi sikuwapa mashindano." Akamgeukia mume wangu. "Hicho unachokiita waya uliolegea kinatokana na kuacha vidonge kwa ghafla. Vinapunguzwa polepole, na wakati wenyewe ulikuwa haujafika. Halafu ugonjwa nao ukarudi, kwa sababu ulikuwa umetulia tu, haujaisha. Na mnasihi umekwenda kumwona wiki ileile ulipojinyang'anya kile kilichokuwezesha kukaa kitini."

"Lakini nikifanya vyote, nitajuaje?"

"Huenda usijue. Hata mimi mara nyingi sijui. Nina wagonjwa waliopona kwa vidonge tu, wengine kwa maongezi tu, na wakisimama pamoja hapo mlangoni siwezi kukuonyesha nani alitumia nini. Wewe nilikusikiliza, nikaona unahitaji vyote. Hilo ndilo ninalolijua."

Aliandika vidonge vilevile, vya kuanza upya, kisha akamwita mnasihi, mwanamume mfupi mwenye sweta lililopungua kifungo. Mnasihi aliuliza kama mimi nitoke nje. "Abaki," alisema mume wangu. Basi nikabaki, Bosi amelala kifuani.

Mnasihi alifungua daftari, akaruka usingizi, akaruka chakula.

"Hii safu ya mwisho haina hata alama moja ya ndiyo."

Mume wangu alitazama viatu vyake. Mnasihi hakumsaidia. Nilitaka kumsaidia mimi, nikajing'ata ulimi.

"Alikuwa na wiki tatu," alisema mwishowe. "Mama yake alikwenda dukani. Nikamwogesha. Nilimshika hivi, kichwa hapa. Halafu nikapotea. Sikusinzia. Macho yalikuwa wazi. Nilisimama tu namna ile, sijui muda gani. Niliposhtuka maji yalikuwa yamepoa, na midomo yake inatetemeka. Hakuwa analia. Bora angelia. Fundi asiyeuamini mkono wake anaweka chombo chini. Ndiyo nikamweka chini."

Niliikumbuka siku hiyo. Nilirudi dukani nikamkuta Bosi amezungushiwa blanketi mbili, amebaki pua tu, kwenye joto lile. Nilicheka sana. Niliwasimulia watu wote: baba huyu anamfunga mtoto kama kifurushi cha posta. Nilimsimulia hata mama wa saluni, mume wangu akiwa amekaa palepale anasikia.

"Uliposhtuka ukafanya nini?" mnasihi aliuliza.

"Nikamtoa. Nikamfuta."

"Ulimfuta vipi?"

"Vizuri. Mpaka katikati ya vidole. Nikampaka mafuta, nikamvalisha soksi, nikamfunika."

"Kwa hiyo ilirudi."

"Nini?"

"Akili yako. Ilirudi bila kuitwa na mtu, ukamaliza kazi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mume wangu alitembea sambamba nami, hakutangulia, na tulipofika mlangoni nilimwambia, "Nisamehe ile hadithi ya kifurushi."

"Ilikuwa inachekesha," akasema. "Hukujua."

Kesho yake nilikwenda kiwandani. Msimamizi wetu hutembea na mkasi umening'inia shingoni kwa utepe, na husikiliza huku anakata nyuzi.

"Nina mgonjwa nyumbani. Naomba wiki tatu nyingine, na nikirudi naomba zamu ya asubuhi."

"Mgonjwa nani?"

"Mume wangu."

"Wanaume wakipata mafua hudhani wanakufa."

"Si mafua, dada."

Alinitazama. Mkasi ukatulia. "Wiki tatu, na zamu ya asubuhi. Zikizidi, meza yako itakuwa na mtu. Si ukatili, mwenzangu, shule zinafunguliwa."

Wiki hizo tatu hatukuzipima. Kila asubuhi kidonge na maji, kila Alhamisi kliniki. Mnasihi alimpa kazi ya nyumbani: ambebe mtoto akiwa amekaa, dakika tano, na mtu mwingine awemo chumbani. Mtu mwingine akawa Mama mkwe. Alikuja na mto wa magoti yake, akajikalisha kwenye kiti cha kona kama hakimu. Mara ya kwanza mume wangu alitoka jasho mpaka shati likabadilika rangi. Bosi alimshika pua, akaivuta.

"Dakika tano tayari?" aliuliza baadaye.

"Bado," alisema Mama mkwe.

"Mama, saa ya ukutani inasema ni dakika kumi na mbili."

"Basi itengeneze, si wewe fundi?"

Siku nyingine zilikuwa mbaya. Jumanne moja hakuinuka kitandani mpaka saa nne, na nilikaa jikoni nikatazama birika likichemka mpaka likakauka. Lakini mchana alinifuata mwenyewe akasema, "Leo ni zito. Nimemwambia mnasihi kwa simu." Zamani nisingeambiwa. Ningebaki kusoma mgongo wake.

Mama wa saluni aliposikia habari za kliniki, alisimama dirishani na swali ambalo lilimkereketa kooni siku nyingi.

"Sasa tuambie ukweli, Baba Bosi. Ni dawa au ni maneno?"

"Sijui."

"Fundi mzima hujui?"

"Sijui, mama yangu. Na nimelala jana."

"Haya bwana," alisema, akaondoka hajaridhika. Mume wangu alibaki anatabasamu na bisibisi yake, naye hakuwa ameridhika, ila ilionekana anaweza kuishi na jibu hilo.

Jumapili kabla ya kurudi kazini nilipiga pasi gauni langu la kazi, nikalitundika, nikalitundua, nikalitundika tena. Mwishowe nikaenda kukaa kwenye kistuli cha wateja, kando ya meza yake ya kazi.

"Nikuulize kitu, usinijibu kwa kunifurahisha. Kesho naweza kukuachia Bosi?"

Aliweka chombo mezani. Nje kulikuwa na watoto wanakimbizana, akangoja wapite.

"Asubuhi mpaka utakaporudi, Mama akiwa kwenye kiti pale, ndiyo. Kutwa nzima peke yangu, bado. Hilo usiniombe kwanza." Kisha akasema, "Na nikiona napotea, namlaza katikati ya godoro, namwita Mama aniongeleshe, nakupigia. Nimeshapanga na mnasihi."

Kama angesema ndiyo peke yake, nisingeondoka. Ningempigia simu msimamizi jioni ileile, meza ikachukuliwa. Ni ile "bado" iliyonipa nguvu. Mtu anayejua mwisho wa uwezo wake unaweza kumwachia kitu.

Asubuhi nilimnyonyesha Bosi, nikakamua maziwa mengine nikayaacha kwenye kikombe chenye mfuniko, nikasema mambo ambayo wote waliyajua. Mama mkwe alinifukuza. "Nenda, mwanangu, utachelewa, na ukichelewa nitasemwa mimi." Kiwandani mkono ulikumbuka kazi kabla yangu, nilikata kola arobaini kabla ya chai. Simu ilikuwa mfukoni, kwenye paja. Haikulia. Wakati wa chai niliitoa nikaitazama, nikairudisha bila kupiga.

Saa saba na nusu nilikuwa nimefika kona ya mtaa wetu, natembea haraka na kujizuia nisikimbie. Dirishani alisimama mwanamume nisiyemfahamu, amekumbatia birika la umeme, anachungulia ndani kwa subira inayoanza kuisha.

"Fundi, ni plagi tu, angalia mara moja."

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," sauti ya mume wangu ilitoka ndani. "Nina mkono mmoja hapa."

"Wa pili umefanya nini?"

"Umeshika mtoto. Anakunywa."

"Mpe mama yake basi."

"Mama yake yuko kazini."

Mwanamume yule aliguna, akahamishia birika kwenye kwapa la pili. Ndani nilisikia kijiko kikigonga kikombe, taratibu, na Mama mkwe akimwambia mtu asijaze sana. Ningeweza kupita mlangoni. Nilikaa nyuma ya mgeni yule mwenye birika, nikapanga foleni.